Chumba Kipya cha Mwanapili

Siku Bi Dama alipokuja kunishtaki kwangu mwenyewe, nilikuwa uani napepeta mchele. Hakupiga hodi. Alinishika mkono, akanikokota mpaka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha ukuta kwa kidole. Watoto walikuwa wamemchora kwa mkaa. Miwani yake ilikuwapo, mtandio wake ulikuwapo, hata ndala yake iliyoungwa kwa waya waliikumbuka. Ila masikio walimpa ya punda.

"Mwanapili," aliniambia, "huyu ni nani?"

Nilisema simjui. Nilikuwa nimeuma ulimi nisicheke, kwa sababu Msambweni nzima inajua kwamba Bi Dama husikia chungu kikitokota nyumba ya tatu, akakwambia na kilichomo.

"Wanao wana mikono isiyotulia," alisema. "Watafutie mahali pa kuichosha."

Neno hilo la mwisho lilinikaa. Husna wangu ana miaka minane, wadogo zake humfuata kila aendako, na watoto wa mtaa huwafuata wadogo zake. Hakuna ukuta uliosalimika. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo kule Vanga nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nikapigwa, nikafutishwa, nikachora tena. Najua mkono unaowasha hauponi kwa kufokewa. Watoto walitaka mahali pao pa kuchorea, na mahali nilikuwa napo: chumba cha uani.

Tatizo la chumba cha uani lilikuwa mume wangu.

Abdurahman ni mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani. Hulala huko huko kazini, akaja nyumbani Alhamisi jioni, akarudi Jumamosi. Ni mpole, hana neno baya na mtu, wala haji mikono mitupu, na hapo ndipo penye balaa. Kila ambacho hoteli inakitupa, yeye hukiokota: vitanda vya ufukweni vilivyobaki mbao tupu, miavuli iliyobaki mbavu, taa zisizo na nyaya, menyu za zamani robota kwa robota, na choo cha kukalia chenye ufa. "Vitakuja kufaa," husema. Kila mwezi nilimwomba anitolee vitu vile, na kila mwezi alinijibu inshallah kwa sauti tamu ya kumlaza mtoto. Kile choo kilikuwa na umri sawa na kitinda mimba wangu.

Basi safari hii sikumwomba. Alipoondoka tu nilimwita fundi Tembo, nikamwambia aanze kwa kunitobolea mlango wa kutokea njiani, kisha apake chokaa ya nje. Mlango niliutaka kwa sababu moja: kundi la watoto wenye rangi mikononi lisipite jikoni kwangu. Nilimweleza fundi hivyo hivyo, kwamba hiki ni chumba cha watoto kuchorea. Tembo alinitazama kwa huzuni, akatikisa kichwa.

"Sawa, mama. Mungu akupe nguvu."

Nilidhani anasemea kile choo.

Bi Dama alifika kabla chokaa haijakauka. Alisimama na mikono nyuma kama mkaguzi.

"Chumba cha nani hiki, mwanangu?"

"Cha watoto, Bi Dama. Cha kuchorea."

"Cha kuchorea."

"Si wewe uliyesema niwatafutie mahali?"

Aliitazama chokaa. Aliutazama mlango. Sasa kwetu hakuna mtu anayepaka chumba cha uani chokaa katikati ya mwaka kwa ajili ya mtoto. Mtoto hulala kwenye chumba cheusi kwa moshi, akakua vizuri tu. Chokaa ni ya Idi au ya bibi harusi. Na chumba cha uani kikipewa mlango wake chenyewe, ili mtu aingie na kutoka bila kupita kwa mwenziwe, hakuna haja ya kuuliza. Hicho ni cha mke wa pili. Kila mwanamke wa mtaa wetu anajua hivyo, na mimi pia ningalijua lau kichwa changu hakingalijaa brashi na makopo.

Bi Dama alilengwalengwa na machozi. "Basi ni cha watoto," alisema polepole, akinipapasa bega. "Mwanamke mwenye heshima zake husema hivyo hivyo."

Akaenda zake, na ilipofika alasiri mimi nilikuwa tayari na mke mwenza.

Wanawake walianza kuingia mmoja mmoja, kimya, ndiyo adabu ya mambo hayo. Mmoja alileta mkeka mpya wa ukili. Mwingine alileta mtungi. Kila aliyefika nilimwambia kwamba chumba ni cha watoto kuchorea, na kila niliyemwambia alinikumbatia. Mmoja alilia kabisa, akaniambia yeye hangeweza, yeye angelimtilia mtu sumu. Hapo ndipo niliposhtuka na kuelewa nimezikwa nikiwa hai. Nilifungua kinywa niwatoe kwenye giza lao. Lakini wakati ule ule nilimwona Bi Dama ameinama, kile choo amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Ameshindwa hata kumtolea mkewe takataka hizi," alifoka, "na anataka kuongeza mwingine! Hebu shikeni huku!"

Nilikifunga kinywa. Kweli nilikuwa nimeisema, tena kwa kila mtu na kwa sauti ya kusikika. Asiyeiamini kweli ya bure, mimi nimlipie?

Kumbe wanawake wakikasirika hubeba kuliko wapagazi. Kilichonishinda miaka na miaka kwa kubembeleza kilikwisha alasiri moja. Miavuli iliruka, taa zilifuata, na laana za Abdurahman zilipanda mbinguni pamoja na vumbi. Vile vitanda vya ufukweni nilivizuia, nikavisimamisha ukutani, vikawa vya kuegemezea karatasi. Menyu nazo nilizizuia, maana kwa nyuma zilikuwa nyeupe pe. Tembo alimaliza chokaa ya ndani. Choo walikitua kando ya njia, na kesho yake mtu alikuwa ameshakitia maji, mbuzi wa Bi Dama wanakunywa kwa raha zao.

Barabara ya Vanga ni mbovu, gari likienda huko hurudi na vyuma pungufu, lakini habari haziendi kwa gari. Mama alinipigia simu.

"Mwanapili, nimesikia."

"Shikamoo, mama. Ni chumba cha watoto kuchorea."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe na mkaa wako! Haya, wanunulie rangi." Dunia nzima, ni yeye peke yake aliyeniamini. "Lakini wasahihishe watu mapema, mwanangu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na chumba cheupe, mkeka mpya, na mtaa mzima ukinionea huruma na kuniletea maandazi. Sijawahi kuishi vizuri namna ile.

Alhamisi Abdurahman alirudi. Jinsi alivyopokewa alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye. Kila mwanamke aliyemtolea salamu alitazama pembeni. Msikitini, baada ya magharibi, wanaume walimshika mkono kwa mikono miwili, wakampongeza kwa mabruki. Alisema hajui wanachozungumza, nao wakasema aibu ya bwana harusi ni nusu ya harusi. Mwisho Chande, rafiki yake tangu wakiwa chuoni wakisoma juzuu, alimweleza yote: kwamba mkewe amekisafisha chumba kwa mikono yake, amekipaka chokaa na kukitoboa mlango. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafutia mwanamke. Mambo hayo hutokea, wapo wake wanaojichagulia wenzao wenyewe kuliko kuletewa wasiyemjua.

Mimi siku ile sikuyajua hayo. Nilimwona tu akiingia, akipita uani, akisimama kwenye ule mlango mpya muda mrefu. Majibu nilikuwa nimeshayanoa. Nilikuwa namngoja aseme neno moja tu kuhusu choo chake.

"Umechoka, mke wangu," alisema. "Kaa nikutengenezee chai."

Abdurahman, tangu anioe, hajui hata majani ya chai yanawekwa wapi. Nilikaa, nikainywa ile chai, ilikuwa na chumvi, na kwa mara ya kwanza wiki ile niliogopa.

Kwetu mambo ya ndoa watu hawaulizani uso kwa uso. Huwekwa mtu katikati. Ndiyo maana mume wangu, aliyeamka kitanda kimoja na mimi Ijumaa asubuhi, hakuniuliza kitu, akamtuma Chande.

"Shemeji, nimetumwa," Chande alisema, akikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi bila kukaribishwa.

"Na nani?"

"Na huyo anayetuchungulia dirishani kwako. Anauliza wageni wanakuja lini."

Niligeuka. Pazia la chumbani lilitikisika.

"Leo alasiri," nilisema. "Wakitoka shule. Leo Ijumaa, hawana madrasa."

Chande alikuna kidevu, lakini hakujisumbua na jibu ambalo hakulitaka. "Na chumba kinapungukiwa nini? Bwana angependa kusaidia."

"Rangi. Nyekundu, buluu na manjano. Na brashi. Na meza fupi, ya kufikiwa na mtu aliyekaa chini."

"Shemeji, tuambie sisi watu wako. Chumba ni cha nani?"

"Cha watoto. Cha kuchorea."

Alicheka mpaka kile kibao kikataka kumtupa. "Mficha uchi hazai, shemeji!" alisema, akaenda kupeleka ujumbe wake.

Baada ya sala Abdurahman alikwenda Ukunda. Alirudi na bodaboda mbili, moja imembeba yeye, nyingine imebeba meza. Rangi alileta makopo zaidi ya niliyoomba. Nilitoka kumpokea huku nacheka moyoni, na kicheko kikanikwama hapo hapo. Alikuwa amevaa kanzu mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Na ndevu zake alikuwa amezitia hina, zimewiva kama embe dodo.

Nitasema nilivyoumia, kwa sababu niliumia. Wiki nzima nilikuwa nimewacheka watu wote kwa kuwa nilikuwa na hakika na mtu mmoja. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama mbele ya kioo changu, anageuza kidevu huku na huku. Mwanamume hatii ndevu hina kwa ajili ya mke aliyemzoea. Nilimwona anafurahi, na furaha ile nilikuwa nimemletea mimi, kwa chokaa yangu na mlango wangu. Nikikiri mzaha, atacheka na watu, lakini ile hamu itakuwa imeshaamka, na mwanamke wa kuituliza hakosekani kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga. Ningemwuliza: Abdurahman, unataka kweli? Sikuweza. Si kwa sababu ya mila tu. Niliogopa jibu.

Nikaona nitakitazama kitu kimoja. Watoto watakapoingia na bibi harusi asitokee, nitautazama uso wake. Mtu aliyenyimwa kitu alichokitamani anaweza kuficha maneno, lakini uso utamsaliti.

Alasiri ilipofika, Abdurahman alikaa kwenye mkeka, mgongo wima, Chande kulia kwake, na wazee wachache wa msikitini waliokuja, walivyosema, kushuhudia heri. Dirishani walijaa wanawake, Bi Dama mbele yao, amejifunga kibwebwe. Nilikwenda kuufungua mlango mpya.

Waliingia watoto. Waliingia wakubwa kwa wadogo, wamevaa mashati ya baba zao nyuma mbele, mikono imekunjwa, Husna akiwaongoza. "Shikamooni!" walisema kwa pamoja, na wazee wakaitika marahaba. Walikaa kwenye meza fupi, wakavizunguka vitanda vya ufukweni, wakachukua menyu, wakazipindua. Kopo la kwanza lilimwagika kabla sijageuka. Abdurahman alikuwa akiitika kila shikamoo kwa adabu, macho yake hayatoki mlangoni. Mtoto wa mwisho aliingia. Nyuma yake palikuwa na njia tupu na mbuzi mmoja. Niliufunga mlango.

Wazee walitazamana.

"Shemeji," Chande alisema, "bibi harusi yuko wapi?"

"Bibi harusi gani? Nilikwambia nini asubuhi? Nilimwambia nini fundi? Bi Dama, wewe hapo dirishani, nilikwambia nini?"

Bi Dama alikifungua kibwebwe chake polepole. Kisha mzee mmoja alianza kucheka, na kicheko kikaruka kutoka ndani hadi dirishani na kurudi. Chande alilala kwenye mkeka akipiga miguu. Wanawake walidai mkeka wao, wakadai mtungi wao, na walikuwa wakicheka huku wanadai. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama uso wa mume wangu.

Alishusha pumzi ndefu, mabega yote yakashuka nayo. Akapangusa jasho kwa mkono wa ile kanzu mpya.

"Basi hukunichoka," alisema.

Alilisema kwa sauti ya chini, tulisikia mimi na Bi Dama tu, yaani ilisikia Msambweni nzima.

"Nikuchoke?"

"Nilidhani umenitafutia mtu wa kunikabidhi kwake. Mimi na takataka zangu." Alitazama chini. "Nilikuja kukataa."

"Kukataa!" Sauti ilinipanda. "Na hizo ndevu? Nani hutia ndevu hina aende kukataa?"

"Kama ni kukataa mbele za watu," alisema, "nikatae nikiwa nadhifu."

Chumba kilicheka tena. Mimi nilisimama katikati yao, mikono kiunoni, sijui nilie au nimtupie kopo. Nilitaka kumwamini, na kwa sababu nilitaka sana ndiyo maana nilishindwa. Neno lilikuwa zuri mno. Mwanamume aliyefumaniwa huwa na maneno mazuri.

Husna ndiye aliyechoka na sisi. Alimwendea baba yake, akamwekea menyu moja mapajani, akamshikisha brashi.

"Baba, hapa hakai mtu bure. Chora."

"Nichore nini, mama?"

"Unachokipenda."

Wazee waliagana na kuondoka huku wakipangusa macho, na wanawake walibaki dirishani kwa sababu hawana aibu. Abdurahman alipiga magoti mbele ya kitanda kimoja cha ufukweni kati ya watoto wawili wadogo. Alichora kwa shida, ulimi nje, kanzu inanyonya rangi ya buluu magotini. Mara kwa mara alinyanyua macho, akatazama upande wangu, akainama tena. Nilijishughulisha na kufuta rangi iliyomwagika. Nilijua ninaviziwa, na sikusogea.

Chande alimchungulia begani. "Jamani!" alipiga kelele. "Njooni muone! Amemchora bibi harusi!"

Kitambaa kilinianguka mkononi. Bi Dama aliingiza kichwa chote dirishani. Nilivuka chumba kwa hatua za mtu anayekwenda kusomewa hukumu, nikasimama nyuma ya mume wangu, nikatazama.

Mchoro ulikuwa mbaya. Kichwa kilikuwa kikubwa, shingo haikuwapo kabisa. Lakini leso ilikuwa ya maua yale yale niliyokuwa nimejifunga, ua kwa ua, na kovu dogo la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto lilikuwapo mahali pake, kovu ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Mikono ilikuwa kiunoni. Nyusi zilikuwa zimekutana.

Mtu hawezi kulitunga kovu lile papo hapo ili kujiokoa. Nilitafuta ukali wangu, nikaupata kidogo tu.

"Mbona umenichora nimekasirika?"

"Tangu jana sijakuona vingine," alisema Abdurahman, akichovya brashi. "Sasa simama hapo hapo. Sijamaliza miguu."

Nikasimama.